Somo: Kusanifu transmita ndogo inayorukaruka masafa

Anayeanza kusanifu transmita ya betri kwa kawaida hushughulikia kwanza antena na nguvu ya kurushia, ilhali kinachomaliza betri mara nyingi ni saa ya transmita na saa ya kipokezi zisizokwenda sawa. Tuchukue mfano wa transmita inayotuma kipimo kimoja kila sekunde 60 katika masafa ya 2.4 GHz, ikirukaruka masafa, yaani ikibadili chaneli kwa kila paketi (furushi la data), huku kipokezi nacho kikitumia betri.

Hatua ya 1: Piga hesabu ya muda wa hewani. Paketi ya baiti 40, ikirushwa kwa megabiti 1 kwa sekunde, huchukua mikrosekunde 320. Ongeza mikrosekunde 130 za kusubiri sintesaiza (sakiti inayozalisha masafa) itulie kwenye chaneli mpya. Redio ikila miliampea 11 kwa muda huo, wastani wa dakika nzima haufiki hata mikroampea 0.1. Mkondo wa usingizini, yaani unaoliwa redio ikiwa imelala, ambao kwa kawaida hukaribia mikroampea 1, unaupita mbali, na ndiyo maana kupunguza nguvu ya kurushia hapa hakuokoi kitu cha maana.

Hatua ya 2: Panga chaneli. Chagua 16 kati ya 2400 na 2483.5 MHz, uzichanganye katika jedwali lililohifadhiwa pande zote mbili, kisha namba ya paketi ndiyo ichague chaneli. Kila mruko uzidi MHz 20, ambao ni upana wa kawaida wa chaneli ya Wi-Fi. Hataza ya mwigizaji Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil ya mwaka 1942 ilitumia wazo hilohilo, ila jedwali lao lilikuwa karatasi iliyotobolewa kama ya piano inayojipiga yenyewe, yenye masafa 88.

Hatua ya 3: Dhibiti saa, na hapa usiharakishe. Kristali mbili (vipande vinavyoendesha saa za pande zote mbili), kila moja ikikosea kwa sehemu 20 katika milioni, zinaweza kuachana kwa mikrosekunde 40 kila sekunde, yaani milisekunde 2.4 kwa dakika. Kipokezi kitalazimika kuamka mapema kwa kiasi hicho, na hivyo kusubiri paketi kwa muda unaozidi mara tano ule wa kuipokea. Joto huongeza tatizo: kristali ya 32.768 kHz iliyo kwenye nyuzi 55 huchelewa kwa takriban sehemu 30 katika milioni kuliko ikiwa kwenye nyuzi 25. Dawa ni kipokezi kupima kila paketi imewahi au imechelewa kiasi gani, kirekebishe ratiba yake, na kipanue dirisha, yaani muda wa kusikiliza, pale tu paketi inapokosekana.

Hatua ya 4: Weka kapasita ya mikrofaradi 100 sambamba na betri ndogo kama ya saa ya mkononi, kwa kuwa ukinzani wake wa ndani huangusha volti redio inapowaka.

Maswali ya wanachama

Swali: Mwalimu, kwa paketi moja tu kwa dakika, kuna haja gani ya kuruka?
Jibu: Paketi isipojibiwa, hurudiwa kwenye chaneli nyingine. Ukibaki palepale, mwingiliano uleule, au mwangwi wa kuta unaofifisha mawimbi hapo ulipo, utakuzuia tena.

Swali: Je, transmita na kipokezi vikipotezana kabisa vitakutanaje?
Jibu: Tenga chaneli 3 za mwito zilizo mbalimbali, kama Bluetooth ya nguvu ndogo inavyofanya. Transmita izizungukie zote, na kipokezi kikae kwenye moja kwa muda unaozidi mzunguko mzima kabla ya kuhamia nyingine.