Namna ya kuhariri hadithi ya mtoto wa darasa la kwanza

Usianze na kalamu nyekundu. Usome mswada kwa sauti, mwanzo hadi mwisho, kama unamsomea mtoto. Ulimi ukijikwaa, weka alama tu uendelee.

Kisha chukua karatasi nane za A4, zikunje katikati na uzipachike moja ndani ya nyingine. Hapo una kurasa 32, ukubwa uliozoeleka wa kitabu cha picha, maana karatasi kubwa ya mtambo wa kuchapia ikikunjwa hutoa kurasa 16, na mbili hutoa 32. Ukitaka kitabu chembamba kinachobanwa kwa pini katikati, hakikisha kurasa zinagawanyika kwa nne. Tenga za jina na hakimiliki, halafu kata maneno ya mswada kwa mkasi uyabandike ukurasa kwa ukurasa.

Hapa ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko kwingine. Tuseme mwandishi ameandika: "Juma alipokuwa akimsubiria mama yake aliyekwenda sokoni, alimwona mbuzi mweupe akila kanga iliyoanikwa." Sentensi ni safi, ila mtoto anayesoma silabi kwa silabi, a-li-po-ku-wa, akifika kwenye mbuzi ameshamsahau Juma. Mimi huigawa hivi. Ukurasa wa kulia: "Mama yupo sokoni. Juma anamsubiri. Mara…" Mtoto anafunua. "Mbuzi anakula kanga ya mama!" Weupe wa mbuzi mwachie mchoraji, picha itausema. Jambo la kushtua likae nyuma ya ukurasa wa kulia daima, mtoto alifichue kwa mkono wake.

Miswada mingi huishia na "hadithi hii inatufundisha kwamba…" Ondoa. Najua wachapishaji wetu hutegemea kuuza shuleni, na mnunuzi hupenda kuona funzo, lakini mtoto aliyemwona Juma akimkimbiza mbuzi hahitaji kuhubiriwa.

Mchoraji mpe maelekezo yanayoshikika: Juma ana umri gani, uani kuna mti gani, kanga ina rangi gani. Michoro ikirudi, ipange yote sakafuni. Kanga iliyokuwa ya bluu ukurasa wa 7 isiwe ya kijani ukurasa wa 10, kwa sababu watoto huona haraka kuliko sisi.

Kwa mwandishi nenda na maswali. Wengi ni walimu wa siku nyingi, watu wazima. Baada ya shikamoo nauliza, "Mwalimu, hapa Juma anaogopa nini?" Mara nyingi jibu lake ni zuri kuliko sentensi iliyopo, nami naliandika palepale.

Unayetaka kuingia kazini humu, anza kwa kuwasomea watoto maktabani au darasani, macho yako yakiwa kwao. Pale wanapoanza kuchezea viatu, hadithi imelegea. Tafuta pia semina. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, ulijenga waandishi na wachoraji kwa njia hiyo.

Prufu ya mwisho, yaani nakala ya kukagua kabla ya kuchapa, isomwe na mtu ambaye hajawahi kuiona hadithi. Wewe kagua jina la mwandishi na la mchoraji, namba za kurasa, na ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, ambayo kwa Tanzania hutolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Kisha tia sahihi, kitabu kiende kiwandani.