Somo: Kuchagua kiatu na vazi la kushukia pwani

Assalamu alaykum wenzangu wa pwani.

Bamvua hili lililopita, yaani zile siku za maji kujaa na kupwa sana, watu watano wameniuliza suali moja: kiatu gani kinadumu baharini? Wawili kati yao wameniletea picha za zile ovaroli za mpira zinazofika kifuani, wanataka kuagiza. Nimeona heri niandike hatua kwa hatua, kisha kila mwenye suali aulize. Nashuka pwani ya Jambiani mwaka wa 23 sasa, kwa mwani na kwa pweza, na haya nimeyajua kwa miguu yangu.

Tokea mwani uanze kulimwa Paje na Jambiani mwaka 1989, wengi wetu tumeshuka na chochote kilichokuwapo nyumbani: ndara za kuogea, soksi kuukuu, au miguu mitupu. Kamba tunanunua, vigingi tunakata, mguu tunausahau. Naomba tuache.

Hatua ya 1: Jua unakanyaga nini

Kiatu cha mchangani kikipelekwa mwambani hakimalizi mwezi. Mashamba yetu mengi yako upande wa ndani wa mwamba, kati yake na ufukwe, chini ni mchanga na majani ya bahari. Hapo kinachoumiza ni mchanga wenyewe, unaingia kiatuni na kusugua ngozi mpaka inachubuka, na chumvi inamalizia. Ukisogea mwambani kutafuta pweza, chini ni jiwe lenye makali, na kuna wale wadudu weusi wenye miiba mirefu, mingine inafika shibiri nzima. Penye mikoko ni tope, nalo hukuvua kiatu kabla hujajua. Fikiri siku zako nyingi zinaishia wapi, nunua kwa ajili ya hapo.

Hatua ya 2: Soli

Mwaka wangu wa tatu nilivuka kwenda mwambani na ndara. Maji yalikuwa ya magoti, nimeinama na mchokoo wangu, macho yako kwenye tundu la pweza. Nilirudi nyuma hatua moja. Mwiba ulipita kwenye ile sponji kama sindano kwenye kanga, ukaingia chini ya kidole kidogo na kukatikia ndani, vipande vitatu. Mama alinipaka maziwa ya papai, akaniweka mguu kwenye maji ya moto, maumivu yakapungua. Lakini siku tisa nilitembea kwa kisigino. Bamvua lote lilinipita, mwani wangu uliokuwa tayari ukakatika kwenye kamba na kuchukuliwa na maji.

Sasa nikishika kiatu dukani nakikunja kwanza. Kikikunjika katikati ya wayo kama chapati, nakirudisha. Kinatakiwa kikunjike penye vidole tu. Kisha naibonyeza soli kwa ukucha wa dole gumba. Alama ikibaki, hiyo ni sponji. Mpira mgumu husukuma ukucha. Mwisho nakisokota kama ninavyokamua nguo: kikisokoteka mpaka mwisho, kitakusokota nacho juu ya jiwe.

Niseme wazi kwamba hakuna soli itakayouzuia mwiba uliokanyagwa kwa uzito wote wa mwili, sembuse unaotokea ubavuni. Soli nzuri inakupa nafasi ya kuinua mguu kabla haujaingia sana. Na penye mchanga burura miguu, usiinue na kukanyaga. Taa amelala amejifunika, ukimgusa ubavuni anaondoka, ukimkanyaga mgongoni anapiga mkia.

Hatua ya 3: Maji yaingie, yatoke, mchanga ubaki nje

Hapa ndipo pesa nyingi zinapopotea. Watu wanatafuta kiatu kisichoingiza maji. Bahari yetu huwa nyuzi 25 hadi 30 hivi mwaka mzima, hata wakati wa kusi haikugandishi. Maji yakiingia kiatuni hayakudhuru kitu. Yakiingia yasitoke ndipo kiatu kinakuwa ndoo: gambuti likijaa unabeba lita mbili tatu kila mguu, na kila lita ni kilo moja unapoliinua juu ya maji.

Kwa hiyo tafuta kiatu cha kitambaa cha wavu mzito au cha neoprini (ule mpira laini wa nguo za kuzamia), kinachobana kifundo cha mguu, chenye vitundu vidogo vya kutolea maji ubavuni, karibu na soli. Vitundu vikiwa chini ya soli, mchanga unapandia humo. Kijaribu nyumbani: kijaze maji, kinyanyue, hesabu. Ukifika kumi na bado kimeshika maji, kinahitaji vitundu zaidi. Kisha kivae na soksi ndefu ya nailoni, shingo ya kiatu ikae juu ya soksi. Hiyo soksi ndiyo inayouzuia mchanga, wala si kiatu.

Hatua ya 4: Zile ovaroli za kifuani

Nimezishika, nimezivaa, na nimesoma juu yake. Ziko za aina tatu. Za plastiki au mpira mtupu hazitoi jasho kabisa. Za neoprini ni nene, zinahifadhi joto. Na zile ghali wanazozisifu wavuvi wa mito ya baridi, wanaovua kwa nzi bandia wa manyoya, zina utando mwembamba katikati ya vitambaa. Utando wa namna hiyo ulianzia Marekani mwaka 1969, Bob Gore alipouvuta kwa nguvu ule ule utelezi unaopakwa kwenye vikaango, ukawa na vitundu vidogo mno: tone la maji halipiti, mvuke wa jasho unapita.

Ila mvuke una tabia yake. Hutoka penye joto na unyevu mwingi kwenda penye baridi na ukavu. Mtu akisimama kwenye mto wa nyuzi 10, ndani yake kuna joto, nje baridi, jasho linapata njia. Wewe umesimama Jambiani saa nne asubuhi, maji nyuzi 28, jua la kaskazi mgongoni. Jasho litoke liende wapi? Niliivaa moja ya utando kwa muda wa kufunga kamba sita. Nilipoivua, taiti yangu ilikuwa imelowa kama nimeogelea, na sikuwa nimeingiza hata tone la bahari.

Hatari nayo ipo. Watu husema ikijaa maji inakuvuta chini. Hilo si sahihi, maji yaliyo ndani ya maji hayana uzito wa kukuzamisha. Tabu ni kwamba huwezi kupiga miguu, mkondo unakushika kama tanga, na ukitaka kupanda kwenye ngarawa unainua kilo zote zile. Wengi wetu hatujui kuogelea. Anayelazimika kuivaa afunge mkanda wa kiunoni juu yake kwa nguvu, ili akianguka maji yasishuke miguuni kwa haraka, na asipite kina cha mapaja.

Hatua ya 5: Mishono na chuma

Soli iliyobandikwa kwa gundi tu itaachia. Tafuta iliyobandikwa na kushonwa pia, na uulize uzi: nailoni au poliesta, maana pamba huoza. Vitundu vya kamba vikiwa vya chuma, chumvi itavila na kutu itakata kamba. Bora vya plastiki au vilivyoshonwa. Zipu, ukiweza, iepuke. Nilinunua pea yenye zipu ya chuma, muuzaji akaniapia haishiki kutu, na bamvua la pili nilikikata kiatu kwa kisu kukitoa mguuni.

Hatua ya 6: Kutunza

Suuza kwa maji baridi ya bomba au kisima siku hiyo hiyo, anika kivulini. Jua huua neoprini na gundi kuliko bahari.

Masuali ya wanakikundi

Kutoka Bwejuu: Somo, mimi navaa yeboyebo. Zina matundu, maji hayakai, na ni rahisi. Kosa langu liko wapi?

Jibu: Kwa shambani kwenye mchanga, maji ya magoti, huna kosa, ila funga gidamu ya nyuma kwa mpira wa ndani wa baiskeli isikuvuke. Mwambani usende nazo. Matundu yale ya juu ni makubwa kuliko mwiba, na soli yake ukucha unazama.

Kutoka Paje: Dada, mume wangu huwapeleka wageni kuvua. Mmoja amemwachia ovaroli ya utando, inavuja gotini lakini tundu halionekani. Itupwe?

Jibu: Isitupwe. Igeuzeni ndani nje, mpake spiriti ya hospitali kidogo kidogo kwa kitambaa. Penye kitundu patatokea doa jeusi, hata kiwe kama cha sindano. Wekeni alama kwa kalamu, iacheni ikauke, kisha mpake gundi inayobaki laini ikikauka. Gundi inayokauka ngumu itapasuka siku ya kwanza atakapopiga goti. Na aitumie kwenye tope la mikoko alfajiri wakati wa kusi. Baharini mchana atateseka.

Kutoka Micheweni: Bibi, huku kwetu njia ya shambani inapita kwenye tope la mikoko. Kila kiatu kinabaki humo. Tuvae nini?

Jibu: Wanangu, kwenye tope kiatu kinachofaa ni kile kinachobana kama soksi, kirefu kupita kifundo, bila ulimi mpana wala kingo za kunasa. Cha neoprini chenye soli nyembamba kiasi ni kizuri. Wengine hufunga ukanda wa kanga chini ya wayo na kuuzungusha kifundoni mara mbili, nimeujaribu, unashika. Na usivute mguu moja kwa moja juu, inua kisigino kwanza hewa iingie.

Kutoka Jambiani: Shamba langu la mwani wa kotonii limehamia maji ya kifua, kwani huku pwani joto linauua. Dera linanizonga na sijui kuogelea. Sasa hiyo ovaroli nisiivae kweli?

Jibu: Usiivae, mwenzangu, nakusihi. Vaa taiti nene na fulana ya mikono mirefu, dera lifupishwe lifike gotini na kufungwa kiunoni, au ushonewe kanzu fupi ya kitambaa cha nguo za kuogelea, inasitiri na haijai maji. Juu yake jaketi la kuokolea. Na usiende peke yako kwenye maji ya kifua, hata siku moja.

Kutoka Makunduchi: Hela yangu inatosha pea moja nzuri au mbili za bei ndogo. Nichukue zipi?

Jibu: Moja nzuri. Mitumba pia usiidharau, raba za kukimbilia za wavu zenye soli ngumu ninazozivaa mwambani nilizitoa soko la Darajani, mjini, kwa shilingi 15,000, nikampelekea fundi akazishona ukingo mzima na kutoboa vitundu vinne kila ubavu. Huu ni mwaka wake wa pili. Ukienda kununua nenda jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa kutembea, na uvae ile soksi ya nailoni, la sivyo utarudi na kiatu kinachokubana vidole.