Kabla hujaagiza mchele India: ipime nchi, sio sapulaya peke yake

Mi naagiza mchele kuja Mombasa, na kitu nilichojifunza kwa uchungu ni kwamba waeza kuwa na sapulaya mwaminifu, mzigo safi, bei nzuri, na bado ukaumia kwasababu ya nchi yenyewe. Tarehe 20 Julai 2023 India ilipiga marufuku kuuza nje mchele mweupe usio basmati na amri ikaanza kazi hapohapo. Nilikuwa nimeshatuma dipoziti ya asilimia 30 na magunia yangu bado yako ghalani kwao. Sapulaya hakunidhulumu, serikali yake ndo ilifunga mlango. Sasa kabla ya oda yoyote nafanya hivi.

Hatua ya 1: Andika safari ya pesa kando ya safari ya mzigo

Chukua daftari, upande mmoja andika siku unazolipa, upande wa pili mzigo uko wapi siku hizo. Ile amri ya 2023 iliachilia mizigo ambayo ilikuwa imeshaanza kupakiwa melini kabla ya tangazo, iliyo ghalani au kwenye lori ikabaki. Kwa hivyo hesabu siku kati ya dipoziti na kupakia, hizo ndo siku zako za hatari, na ukiweza kuzitoa 40 ukazifanya 15 umepunguza hatari kubwa bila kulipa bima yoyote.

Hatua ya 2: Chunguza serikali hiyo hufanya nini chakula kikipanda bei kwao

Hapa ndo natumia muda mwingi zaidi. Fungua tovuti ya DGFT, ndo ofisi ya India inayotoa amri za biashara ya nje, urudi nyuma miaka mitatu minne uandike kila zuio. Utakuta ngano ilifungwa 13 Mei 2022, sukari ikawekewa mipaka Juni, mchele uliovunjika ukafungwa Septemba mwaka huohuo. Ukiziona zimefuatana hivyo unaelewa kwamba mchele mweupe ulikuwa kwenye foleni, mimi sikuangalia tu. Halafu Desemba 2023 vitunguu navyo vikafungwa mpaka Mei 2024.

Alafu fuatilia bei ya madukani kwao, sio bei ya kuuza nje pekee. Walipofunga mchele Julai 2023 serikali yenyewe ilisema mchele umepanda asilimia 11.5 kwa mwaka mmoja. Ongeza hapo kalenda ya uchaguzi, maana uchaguzi wao mkuu ulikuwa unakuja Aprili hadi Juni 2024, na anayelalamikia bei ya wali kule anapiga kura, mimi wa Mombasa sipigi. Marufuku ile iliondolewa Septemba 2024, yaani miezi 14, biashara ndogo gani inaweza kusubiri hivyo?

Hatua ya 3: Njia ya meli

Fupi tu. Kutoka India kuja Mombasa meli haipiti Bahari ya Shamu, lakini mashambulizi dhidi ya meli yalipoanza huko mwishoni mwa 2023 na meli za Ulaya zikalazimika kuzunguka Afrika Kusini, meli na makontena yakawa adimu na nauli ikapanda hata kwetu. Usiangalie njia yako peke yake.

Hatua ya 4: Tafuta nchi ya pili, lakini isiwe na ugonjwa uleule

Wengi wanakimbilia Pakistan, na mchele wao ni mzuri kweli, ila mafuriko ya 2022 yaliupiga vibaya mkoa wa Sindh ambako mchele unalimwa, na mvua za monsuni za nchi hizi mbili ni zilezile. Thailand na Vietnam ziko mbali na hizo mbili, lakini India huuza karibu asilimia 40 ya mchele wote unaovuka mipaka duniani, kwahivyo ikifunga bei za Thailand zinaruka wiki hiyohiyo. Agosti 2023 zilifika juu kuliko wakati wowote tangu 2008. Sapulaya wa pili mtafute na umjaribu kwa kontena moja wakati mambo yametulia.

Hatua ya 5: Mkataba

Andika wazi kwamba serikali ikizuia kabla ya kupakia, dipoziti inarudi ndani ya siku mlizokubaliana. Salio lipa kwa LC (ahadi ya benki kumlipa muuzaji akileta hati za mzigo) au ukishaona BL (hati ya meli inayoonyesha mzigo umepokewa kusafirishwa). Akikataa yote mawili, punguza oda.

Daftari hili nalipitia kila mwisho wa Mei kabla mvua haijaingia Kerala, jimbo la kusini mwa India ambako monsuni huanzia, na tena Septemba mavuno yakikaribia.