Kabla ya kutunga jaribio lijalo

Walimu wenzangu wa Mwanza, mtaala ulioboreshwa ulioanza kutumika Januari 2024 unapima umahiri, si kukariri. Vitabu vya kiada vipo bure kwenye Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Vipakueni siku yenye mtandao mzuri, hasa ninyi mlioko visiwani Ukerewe. Fomati za mitihani ziko kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA).

Kisha badilisha swali moja tu la zamani. Badala ya "Taja njia za kuhifadhi samaki", mimi huuliza: "Mama ana ndoo tatu za dagaa mwaloni Kirumba na mvua inanyesha. Afanye nini wasioze? Kwa nini?" Majibu yapelekeni kwenye kikao cha Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini (MEWAKA), myasahihishe pamoja mkikubaliana alama inatolewa kwa lipi.