Umepewa kazi ya HR (usimamizi wa wafanyakazi) na hakuna wa kukuelekeza? Anza na mishahara

Asubuhi yangu ya kwanza nilikabidhiwa ufunguo wa kabati la mafaili, kompyuta ya mezani, na neno moja la bosi: "Mishahara inatoka tarehe 28." Siku hiyo ilikuwa tarehe 11. Aliyenitangulia alikuwa ameondoka wiki tatu nyuma bila kuacha hata kikaratasi. Mwaka ulikuwa 2023, kazi yenyewe kwenye ghala la mizigo Busia, upande wa Uganda: mchele, sukari, saruji, na watu 64 kwenye orodha ya malipo. Uwanjani tunazungumza Kiswahili, maana Msamia, Mganda, Mlugbara na dereva aliyeendesha kutoka Mombasa wanaelewana kwa lugha hiyo. Mimi nimekulia Arua, kwa hiyo lugha haikunisumbua. Kilichonisumbua ni kwamba nilikuwa na shahada, na sikujua kukokotoa kodi ya mshahara wa mtu hata mmoja.

Wiki ile nikafanya ambacho nakuomba usifanye. Nilijifungia kuandika kanuni za wafanyakazi, kurasa ishirini. Mzee wa stoo akapita mlangoni, akaniuliza naandika nini, akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Binti, watu hapa wana swali moja. Mwisho wa mwezi pesa itakuja kamili?" Nikafunga kompyuta, nikachapisha orodha ya malipo, nikatoka nayo uwanjani.

Anzia hapo. Tembea na orodha, linganisha jina na sura. Mimi nilikuta wawili walioacha kazi zamani bado wamo, wafanyakazi hewa kabisa. Mmoja alikuwa nyumbani na mtoto mchanga na hakuna aliyeandika popote kwamba yuko likizo ya uzazi. Halafu kulikuwa na wapakuzi watatu ambao hawakuwa kwenye orodha yoyote. Walilipwa taslimu kila Jumamosi kama vibarua, na walikuwa wamefanya hivyo zaidi ya mwaka. Kanuni za Ajira za 2011 zinasema kibarua akifanya kazi miezi minne mfululizo si kibarua tena; anastahili mkataba wa maandishi na haki kama wengine. Nilipomweleza bosi alikasirika, kisha akaomba aione hiyo kanuni kwa macho yake. Nilikuwa nimeichapisha. Sheria zetu zipo bila malipo kwenye tovuti ya ULII, taasisi ya taarifa za kisheria Uganda. Pakua Sheria ya Ajira ya 2006 na kanuni zake, uziweke mezani, usome kidogo kila jioni.

Kwa kila mtu andika jina kama lilivyo kwenye kitambulisho cha taifa, NIN (namba ya kitambulisho hicho), TIN (namba ya mlipakodi), namba ya NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii), tarehe aliyoanza, mshahara, na anakolipwa: benki au simu. Jina lichukue kwenye kitambulisho chenyewe, ukiwa umekishika mkononi. Kwetu mtu ana jina la ukoo, la dini, na pengine la babu, na kila ofisi huyapanga kwa mtindo wake. Dereva wetu wa foklifti alikuwa na majina yaliyopangwa namna tatu katika karatasi tatu, na hajawahi kuuliza michango yake ya NSSF inaingia wapi. Tulikwenda naye kuuliza. Hiyo asubuhi moja ilinijengea uaminifu kuliko barua zote nilizobandika ukutani mwaka ule.

Sasa hesabu. NSSF: mfanyakazi hukatwa asilimia 5, mwajiri huongeza asilimia 10 kutoka mfukoni mwake, jumla 15. Tangu sheria iliporekebishwa mwaka 2022, hata mwajiri mwenye mtu mmoja anahusika. PAYE, yaani kodi ya mshahara, kwa viwango nilivyovikuta: shilingi 235,000 za kwanza kwa mwezi hazikatwi, kutoka hapo hadi 335,000 ni asilimia 10, hadi 410,000 ni asilimia 20, zaidi ya hapo ni asilimia 30, na wenye zaidi ya milioni 10 huongezewa asilimia 10 juu ya kinachozidi. Mwaka wa fedha huanza Julai mosi, basi kila Juni hakikisha na URA, mamlaka ya mapato, kama viwango vimebaki vilevile.

Chukua mtu wa 600,000. PAYE yake ni 10,000 kwa ngazi ya kwanza, 15,000 kwa ya pili, na 57,000 kwa ile 190,000 iliyobaki: jumla 82,000. NSSF yake 30,000. Anapokea 488,000, na kampuni inapeleka 60,000 nyingine NSSF kwa ajili yake.

Hapa niliteleza, na wewe unaweza kuteleza palepale hasa ukiwa karibu na mpaka. Rafiki yangu anayefanya kazi hii upande wa Kenya alinitumia jedwali lake la Excel, nami nikalishukuru kama zawadi. Jedwali lile lilikuwa linaondoa mchango wa hifadhi ya jamii kwanza ndipo kodi ikokotolewe. Uganda kodi inakokotolewa kwenye mshahara kamili. Kwa mtu wa 600,000 tofauti ni shilingi 9,000 kila mwezi, na ingekuwa deni la kampuni kwa URA. Niligundua tarehe 26 usiku, nikarudia majina yote kwa kikokotoo na kalamu. Rudia kwa mkono angalau watu watano kila mwezi, hata ukiamini jedwali lako.

PAYE na NSSF zote mwisho wake ni tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Iandike kubwa. Kisha kuna kodi ya huduma ya serikali za mitaa, ambayo hukatwa kwa awamu kuanzia Julai hadi Oktoba, na kwa mwaka haizidi 100,000. Waambie watu mwezi Juni. Mwaka wangu wa kwanza sikuwaambia, na Julai foleni mlangoni kwangu ilifika getini, kila mtu ameshika karatasi yake ya mshahara na kuuliza nani amechukua pesa yake. Karatasi hiyo, kwa njia, ni haki yake kisheria kila anapolipwa, ikionyesha kila kilichokatwa na sababu yake.

Mikataba: sheria inataka masharti ya kazi yawe kwa maandishi mikononi mwa mfanyakazi ndani ya wiki 12 tangu aanze. Likizo ya mwaka ni siku 7 kwa kila miezi minne, yaani 21. Mama aliyejifungua ana siku 60 za kazi, baba ana 4, zote kwa malipo. Daftari moja la mistari linatosha kwa hayo yote.

Lisilotosha daftari ni kumfukuza mtu.

Mwezi wangu wa tano, magunia ya sukari yalipungua. Meneja wa zamu akamtaja askari wa usiku, bosi akaniita: "Andika barua, aondoke leo." Niliandika. Kwa Kiingereza, ukurasa mmoja, maneno mazito. Nilimwita yule askari, mtu mzima, nikampa kalamu, akatia sahihi. Aliniambia "Asante, mama" na mimi ni rika la binti yake. Baadaye nilimkuta nje ya geti akimwomba mpakuzi amsomee barua ile.

Sheria inasema kabla ya kumwachisha mtu kwa kosa au utendaji mbaya, umweleze sababu kwa lugha anayotarajiwa kuielewa, umsikilize, na awe na haki ya kuja na mtu mwingine aliyemchagua. Ukiruka hatua hiyo, anastahili malipo ya wiki nne hata kama kosa lilikuwa la kweli. Halikuwa la kweli. Siku mbili baadaye nilifungua daftari la zamu nikaona usiku ule hakuwa kazini. Alikwenda kwa afisa wa kazi wa wilaya, na kampuni ililipa. Bosi alimpigia simu arudi; hakurudi.

Tangu hapo nikiambiwa "andika barua ya kufukuza", kwanza naandika ya kumwita: unatuhumiwa hili, lilitokea siku hii, njoo siku fulani saa fulani, njoo na mwenzako. Naiandika kwa Kiswahili kama ndiyo lugha yake, au namtafuta wa kumtafsiria Kisamia. Nampa siku za kujiandaa. Ikibidi akae nje wakati wa uchunguzi, ni kwa nusu mshahara na haizidi wiki nne. Kabla ya kikao nafungua daftari la zamu, la mahudhurio na la stoo, yote matatu. Kwenye kikao naandika maneno yake kama alivyoyasema, namsomea, ndipo anatia sahihi. Bosi akiwa na haraka namtajia wiki zile nne kwa shilingi, na huwa anakaa chini.

Pa kuuliza papo. Kuna chama cha mameneja wa kazi hii nchini, HRMAU, ambako utapata wenzako waliokwisha kupita njia hii. Na nenda ofisi ya afisa wa kazi wa wilaya yako mwezi huu, kabla hujawa na kesi. Mimi nilikutana naye mara ya kwanza akiwa ameshika barua yangu ya Kiingereza. Beba maswali matatu yaliyoandikwa na nakala ya mkataba mmoja mlioutumia, ukiwa umefuta jina la mtu. Wangu alisoma mkataba wetu kwa kalamu nyekundu, akakata vifungu vinne, akanirudishia.