Keki ya kastadi na keki ndogo za chai: oka nyumbani zitoke laini

Haya jamani, leo tunaoka. Swali ninaloulizwa sana ni hili, mbona nikitia kastadi keki inatoka kavu afu inapukutika ukiikata? Jibu karibu kila mara ni lile lile, umeongeza kastadi juu ya unga wa ngano bila kupunguza unga wenyewe. Kastadi ni unga. Watu wanaichukulia kama rangi au kama vanila, wanamwaga vijiko vitatu vinne juu ya vipimo vilivyokuwa vimeshakamilika, sasa keki isikauke kwa nini?

Ile poda ya njano kwenye kopo kwa kawaida ni wanga wa mahindi uliotiwa rangi na harufu, basi. Hamna yai humo, ile njano inadanganya tu. Aliyeibuni ni Mwingereza Alfred Bird, kule Birmingham mwaka 1837, sababu mke wake alikuwa hawezi kula mayai, na mwaka 1843 huyo huyo akatengeneza beking poda kwa kuwa mama wa watu hata hamira ilikuwa inamdhuru. Na sisi leo tunachukua makopo yote mawili tunayatia kwenye keki ya mayai manne, sijui yule mama angesemaje.

Sasa kwa nini inalainisha. Unga wa ngano una protini ambayo ikilowa na ukaikoroga inatengeneza gluteni, nyuzi zinazovutika, kwenye mkate unazitaka sana ila kwenye keki zikizidi keki inakuwa ngumu unatafuna kama andazi la jana. Wanga wa mahindi hauna gluteni kwa hiyo ukiweka kastadi mahali pa sehemu ya unga wa ngano, nyuzi zinapungua na keki inakuwa laini yenye chembe ndogo ndogo. Ukizidisha nayo hamna cha kuishikilia keki, ndo pale inapukutika. Mi natumia sehemu moja ya kastadi kwa sehemu nne za ngano na sipiti hapo.

Jambo moja la kuangalia kwenye kopo kabla hujaanza: kuna kastadi za papo hapo, zimeshatiwa sukari na maziwa ya unga, unamwagia maji ya moto inakuwa tayari. Hizo sio za kazi hii. Unataka ile ya kupikwa jikoni na maziwa.

Vipimo vya keki ya kastadi (chombo cha duara cha sentimita 20, chenye kina)

Unga wa ngano wa kawaida gramu 200, kastadi gramu 50, beking poda vijiko 2 vya chai, chumvi robo kijiko cha chai, siagi gramu 200, sukari gramu 180, mayai 4, maziwa mililita 100, vanila kijiko 1 cha chai. Kama unga wako umeshatiwa beking poda kiwandani usiongeze vijiko viwili vyote, weka nusu kijiko tu kwa ajili ya ile kastadi.

Na tafadhali tumia mzani. Kikombe kimoja cha unga uliochotwa kwa kushindilia na kikombe hicho hicho uliomwagiwa kwa kijiko vinaweza kutofautiana hata gramu 30, na hizo gramu 30 ndo tofauti ya keki laini na keki kavu.

Hatua ya 1: toa vitu kwenye friji mapema

Siagi, mayai, maziwa, vyote viwe na joto la chumba. Siagi ukiibonyeza kwa kidole inabonyea lakini haing'ai mafuta, kama imeanza kuyeyuka rudisha friji kidogo. Hii hatua watu wanairuka halafu wanalaumu oveni. Siagi baridi haishiki hewa, iliyoyeyuka nayo haishiki, na mayai ya baridi ukiyatia kwenye siagi laini yanaigandisha mchanganyiko unakatika. Umesahau kuyatoa? Yaloweke na maganda yake kwenye maji ya vuguvugu dakika tano.

Washa oveni sasa hivi, nyuzi joto 170, waya wa katikati. Kama oveni yako ina feni weka 150. Paka chombo siagi na tandika karatasi ya kuokea chini.

Hatua ya 2: chekecha vile vikavu

Unga, kastadi, beking poda, chumvi, vyote pamoja mara mbili. Kastadi ina tabia ya kujifunga vidonge na ukiacha kidonge kimoja utakikuta kwenye keki, doa la njano lenye ladha ya unga mbichi. Kama beking poda imekaa sana kabatini tia nusu kijiko kwenye maji ya moto, ikichemka mapovu kwa nguvu ni nzima, ikinyamaza itupe.

Hatua ya 3: siagi na sukari

Hapa ndo keki inapotengenezwa, kwa hiyo usiwe na haraka. Piga siagi na sukari kwa mashine dakika tano mpaka saba, kwa mwiko na mkono itakuchukua hata robo saa na mkono utauma lakini inawezekana. Unachofanya ni kwamba chembe za sukari zinatoboa vitundu vidogo vidogo vya hewa ndani ya siagi, na beking poda kazi yake baadaye ni kuvipanua hivyo vitundu vilivyopo, yenyewe haitengenezi vipya. Ndo maana ukiupunguza muda wa kupiga halafu ukaongeza beking poda ili kufidia, keki inapanda haraka inashuka haraka na inabaki na uchungu fulani mdomoni. Simama ukiona rangi imepauka karibu nyeupe na mchanganyiko umekuwa mwepesi. Kila baada ya muda kwangua pembeni za bakuli maana siagi inajificha huko.

Hatua ya 4: mayai

Moja moja. Vunja kwanza kwenye kikombe usije ukaharibu bakuli zima kwa yai bovu, tia, piga mpaka lipotee kabisa ndo utie lingine. Ukiona mchanganyiko umeanza kukatika kama maziwa yaliyoganda, tia kijiko kimoja cha ule unga uliochekecha uendelee, utarudi. Vanila ingia hapa.

Hatua ya 5: unga na maziwa

Zima mashine chukua mwiko. Unga theluthi, maziwa nusu, unga theluthi, maziwa yaliyobaki, malizia na unga. Unakunja kutoka chini kuja juu, sio kukoroga kwa fujo, na ukiona hamna tena mstari wa unga mweupe simama hapo hapo hata kama mkono unakutuma uendelee. Ukikoroga zaidi ya hapo unajenga gluteni ambayo tumeweka kastadi kuikimbia. Rojo liwe zito linalodondoka kwenye mwiko taratibu ukilitikisa, likiwa halidondoki kabisa ongeza kijiko kikubwa kimoja cha maziwa.

Hatua ya 6: oveni

Mimina, sawazisha juu, ingiza. Dakika 45 mpaka 55. Dakika 30 za mwanzo usifungue mlango, hata kidogo, hata kama harufu inakuita, maana keki bado haijajishika na hewa baridi ikiingia katikati inabonyea. Kastadi inaipa keki njano tangu mwanzo kwa hiyo usiamini rangi kuwa imeiva. Chomeka kijiti katikati, kikitoka kikavu au na chembe mbili tatu toa, kikitoka na rojo rudisha dakika tano. Dalili nyingine ni keki kuanza kujitenga na kuta za chombo.

Iache kwenye chombo dakika 10 tu halafu igeuze kwenye waya. Ukiiacha humo mpaka ipoe, mvuke unarudi chini na kitako kinakuwa chepechepe.

Kama huna oveni

Sufuria nzito yenye mfuniko mzuri, chini tandaza mchanga mkavu au chumvi ya mawe, weka kistendi, pasha moto mdogo dakika 10 kabla ya kuingiza chombo chako. Kwa gesi itachukua karibu saa nzima na juu haitapata rangi, ndo ilivyo. Kwa mkaa unaweka na juu ya mfuniko pia, na kanuni ni moto wa juu uwe mwingi kuliko wa chini, chini makaa machache tu, wengi wanafanya kinyume ndo maana kitako kinaungua na katikati mbichi. Na usiokee mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, moshi wake unaua.

Keki ndogo za chai

Hizi ni nyepesi zaidi, na kwa mtu anayeanza ningesema aanze na hizi maana ukikosea unakosea kidogo. Vinatoka vipande 12: unga wa ngano gramu 180, kastadi gramu 20 (hapa tunapunguza, keki ya chai inatakiwa ijishike kidogo mkononi), beking poda kijiko kimoja na nusu cha chai, chumvi kidogo, siagi gramu 120, sukari gramu 110, mayai 2, maziwa mililita 90. Kwa harufu mi napenda ganda la limau lililokwaruzwa, ile sehemu ya njano tu, nyeupe yake ni chungu. Lisugue na sukari kwa vidole kabla ya kutia siagi, mafuta yake yanaingia kwenye sukari na utaisikia harufu chumba kizima. Iliki nayo inakaa vizuri. Ila usiweke vyote na vanila juu yake, chagua.

Hatua ni zile zile kasoro moto. Oveni iwe 190, na feni 170, sababu keki ndogo ikikaa muda mrefu kwenye moto mdogo inakauka kabla haijapanda, moto mkali wa muda mfupi ndo unaipa kile kichwa cha mviringo. Jaza vikombe vya karatasi theluthi mbili tu, ukijaza hadi juu zitamwagika na kushikana. Dakika 16 mpaka 18. Bonyeza juu kwa kidole taratibu, ikirudi imeiva.

Ukiona imeharibika

Imebonyea katikati: umefungua oveni mapema, au umeitoa mbichi, au beking poda imezidi. Imepasuka juu sana na kuwa na kilele: moto mkali, shusha nyuzi 10 mara ijayo. Ukikata unaona mashimo marefu kama vijinjia, hapo umekoroga sana kwenye hatua ya 5. Nzito na imebana chini kama utomvu, siagi haikupigwa vya kutosha au rojo lilikaa muda mrefu likisubiri oveni ipate moto. Na kama oveni yako kila siku inaunguza, nunua kipimajoto kidogo cha kuweka ndani, vitufe vya oveni nyingi havisemi ukweli.

Keki ya kastadi inakaa siku tatu kwenye chombo kilichofunikwa, nje ya friji, maana friji inaikausha. Za chai kula siku hiyo hiyo au kesho yake, zikibaki zifunge vizuri uzigandishe, siku ukizitaka unazitoa zinayeyuka zenyewe mezani halafu dakika tatu kwenye oveni ya moto.