Jinsi ya Kuomba Msamaha wa Ushuru wa Forodha kwa Vyandarua Vinavyoingizwa Tanzania Bara

Tarehe 25 Aprili 2000, wakuu wa nchi za Afrika waliokutana Abuja waliahidi kupunguza au kuondoa kodi na ushuru wa vyandarua, viuatilifu na dawa za malaria. Kwa nchi zetu, ahadi hiyo imo katika Jedwali la Tano la Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, ambalo linasamehe ushuru wa vyandarua, vikiwemo vilivyotiwa dawa, pamoja na malighafi ya kuvitengenezea, ilimradi mamlaka ya afya imeidhinisha. Hata hivyo, msamaha huu hauji wenyewe. Asiyeuomba kwa wakati hutozwa kama mwagizaji mwingine yeyote, na anayebeba mzigo huo mwishoni ni mzazi anayenunua chandarua dukani.

Tuseme thamani ya shehena, pamoja na bima na nauli hadi bandarini, ni shilingi milioni 100. Ikitozwa ushuru wa 25% inafikia milioni 125, kisha kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ya 18% hukokotolewa juu ya jumla hiyo, si juu ya thamani ya awali, na kuongeza milioni 22.5. Shehena imeshafika milioni 147.5 kabla ya tozo nyingine na kabla muuzaji hajaweka faida yake.

Kazi kubwa hufanyika kabla meli haijaondoka, nayo ni kuhakikisha bidhaa imeelezwa sawasawa. Tangu mwaka 2017, mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa una namba 6304.20 kwa vyandarua vya kitandani vya kitambaa cha kufumwa kwa mashine, vilivyotiwa viuatilifu vilivyotajwa na mfumo huo, kama vile deltamethrini, permethrini na klorfenapiri. Chandarua kisicho na dawa huangukia namba nyingine. Kwa hiyo usikubali ankara iliyoandikwa "bidhaa za nguo" tu. Mtake muuzaji aandike kwamba ni chandarua cha kitandani, ataje aina ya uzi, jina la kiuatilifu, vipimo (kwa mfano sentimita 190 kwa 180 kwa 150) na idadi, na maelezo hayohayo yaonekane kwenye orodha ya vifungashio na hati ya shehena. Hati zikipishana hata kwa neno moja, afisa ana sababu ya kusimamisha mzigo, na gharama za kuhifadhi bandarini zinaanza kuhesabika. Ukiwa na shaka kuhusu namba, omba Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ikupe uamuzi wa awali wa uainishaji.

Hatua inayofuata ni barua ya maombi kwa Wizara ya Afya. Eleza wewe ni nani, vyandarua vinatoka kwa mtengenezaji gani, ni vingapi, na vitauzwa au kugawiwa wapi. Ambatisha ankara, pamoja na ushahidi kwamba bidhaa imepitishwa na Shirika la Afya Duniani iwapo upo, na uliza mapema kuhusu vibali vya ubora na vya viuatilifu.

Ukipata idhini, mkabidhi wakala wa forodha mwenye leseni idhini hiyo pamoja na namba yako ya mlipakodi (TIN) na hati zote, ili aombe msamaha katika mfumo wa forodha kabla ya kulipia chochote. Mwagize pia aangalie VAT peke yake, kwa sababu kodi hiyo inasimamiwa na sheria ya nchi, na kusamehewa ushuru wa forodha hakuiondoi.

Ombi likikataliwa, una siku 30 tangu tarehe ya uamuzi kumwomba Kamishna wa Forodha kwa maandishi aupitie upya, naye ana siku 30 za kujibu. Akinyamaza muda huo wote, sheria inahesabu kwamba amekubali. Kama ushuru ulilipwa kimakosa, dai la kurejeshewa lifike ndani ya miezi 12 tangu siku ya malipo. Tunza pia kumbukumbu za mgao au mauzo, kwani bidhaa iliyosamehewa ikitumiwa kinyume na lengo lililoidhinishwa, ushuru wake hudaiwa.